Nesi Mmoja, Akina Mama 19

Usiku ule tulikwenda watatu hospitalini kumsindikiza mkwe wa mwenzetu aliyeshikwa na uchungu. Tulibeba beseni, khanga, chupa ya chai na yale mengine ambayo kila mama anayajua. Wodini tulimkuta nesi mmoja tu. Wazazi tuliwahesabu wenyewe: 19, wengine wamelala wawili wawili.

Saa sita usiku mkwe wetu akajifungua mtoto wa kiume. Nesi akakimbilia kwa mwingine. Haukupita muda, tukaona damu inamtoka mzazi wetu na haikatiki. Tukaita, "Sista! Sista!" Akajibu kwa ukali kutoka nyuma ya pazia, "Huyu nimwachie nani?" Tulikasirika mno. Tulisema wauguzi wa siku hizi hawana huruma wala wito, na mengine tusiyoweza kuyaandika hapa.

Alipokuja alikuja mbio. Akachoma sindano, akalikanda tumbo, akatundika dripu. Damu ikakata. Alfajiri tulimkuta ameketi sakafuni, viatu amevua, tukammiminia chai. "Mama zangu," akasema, "niliingia zamu jana asubuhi. Wa kunipokea hakuna."

Tuliona haya.

Wazee kati yetu wanakumbuka hapa Tanzania binti akihitimu uuguzi, Serikali ilimpangia kituo. Mwaka 1993, katika kubana matumizi, ajira zikasimamishwa, na baadhi ya watumishi wakapunguzwa. Waliostaafu nafasi zao zikabaki wazi, na ukimwi nao ulichukua wengi miaka ile. Mwaka 2007 ukaja mpango wa MMAM: zahanati kila kijiji, kituo cha afya kila kata. Jambo jema kabisa, na sisi wenyewe tulisomba mawe na maji ya ujenzi. Lakini tofali halikati kitovu. Jengo tuliliweza kwa nguvu zetu. Muuguzi hatuna uwezo wa kumwajiri. Halmashauri husubiri kibali cha ajira kutoka juu, na huku mabinti tuliowauzia ng'ombe wasomee uuguzi wako nyumbani wanakaanga maandazi.

Kanisani tumezoea kuwaombea wauguzi wapewe moyo wa upendo. Tuendelee. Ila Musa alipokuwa akiamua mashauri ya watu peke yake tangu asubuhi hata jioni, mkwewe Yethro hakumwambia aongeze upendo. Alimwambia atafute watu wa kumsaidia, kwani atachoka yeye na watu wake pia.

Basi tumemwandikia diwani wetu barua, tukamwomba aulize katika baraza mambo mawili: kituo chetu kinastahili wauguzi wangapi, na walioko ni wangapi. Baba watoto wanacheka, wanasema barua ya akina mama haifiki mbali. Haya. Ya pili tumeshaiandika, na safari hii tumetia sahihi wote.