Upepo Ukivuma Kutoka Nyuma

Ndugu msomaji wa Buhigwe, wewe umezoea milima. Unalima kahawa, maharage na migomba kwenye miteremko. Unajua mti unaofaa kujengea nyumba na mti unaofaa kwa mpini wa jembe. Lakini je, unajua kwamba mti mmoja mwembamba unaweza kumfikisha mtu salama kutoka ziwani? Twende tukauone.

TEREMKA ZIWANI

Panda gari Manyovu asubuhi. Barabara ya lami inateremka kwenda Kigoma, mwendo wa kilomita 60 hivi. Kadiri unavyoshuka, baridi ya milimani inakuacha. Michikichi inaongezeka. Mwishowe unaona maji mengi yasiyo na mwisho.

Hilo ndilo Ziwa Tanganyika. Urefu wake unazidi kilomita 650. Mahali penye kina kirefu kuliko pote, kina chake ni kama mita 1,470. Duniani kote, ni Ziwa Baikal la Urusi tu linalolishinda kwa kina. Ziwa letu limelala kutoka kusini kwenda kaskazini. Wakati wa kiangazi, kuanzia Mei mpaka Septemba, upepo wa kusi huvuma kwa nguvu.

Watu wa zamani waliutumia upepo huo. Mwaka 1874 Mwingereza Verney Lovett Cameron alitoka Ujiji akaizunguka sehemu ya kusi ya ziwa. Alisafiri kwa mashua ya matanga na makasia. Siku hizi vyombo vingi vina mashine. Lakini mashine huharibika, na mafuta huisha. Hapo ndipo tanga linapokumbukwa.

UPEPO WA NYUMA UNADANGANYA

Mtu asiyejua hufikiri kwamba upepo wa nyuma ndio rahisi kuliko wote. Chombo kinasukumwa tu! Sivyo. Upepo ukitoka nyuma, kona ya chini ya tanga inakosa kitu cha kuishikilia. Chombo kinayumba. Tanga linalegea, linajikunja, kisha linajaa tena kwa kishindo. Mara linarukia upande wa pili. Mti unaolishika tanga unaweza kumpiga mtu kichwani. Chombo kinaweza kupinduka.

Katika mashua yenye matanga mawili kuna shida nyingine. Tanga kubwa hulizibia upepo tanga dogo la mbele. Tanga dogo linabaki kuning'inia kama nguo kwenye kamba.

MTI WA KUPANULIA TANGA

Dawa yake ni mti. Ncha moja huegemezwa kwenye mlingoti. Ncha ya pili husukuma kona ya tanga kwenda nje, na tanga likabaki wazi. Kama matanga ni mawili, moja hupanuliwa kulia na jingine kushoto. Chombo kinakuwa kama ndege aliyekunjua mabawa.

Urefu wa mti huo ulingane na upande wa chini wa tanga. Uwe mnyoofu, mkavu na mwepesi. Mwanzi uliokomaa unafaa. Mkaratusi mbichi ni mzito, utamchosha anayeushika. Upondo, yaani mti wa kusukumia chombo majini, nao unaweza kufanya kazi hiyo.

Yako mambo manne ya kushika:

1. Upepo ukiwa mkali, punguza tanga kwanza. Mti ukichovya majini utavunjika, au utakigeuza chombo.

2. Kamba ya kuongozea tanga huitwa demani. Usiifunge fundo gumu. Ifungwe namna ya kufunguka mara moja.

3. Ondoa mti kabla ya kugeuza chombo. Usingoje mpaka tanga liruke.

4. Wewe abiria, kaa chini. Usisimame. Usikae mahali ambapo mti unapita. Vaa jaketi la kuokolea maisha. Mlima haukukufundisha kuogelea.

MASHINE IKIZIMIKA

Tuseme mmetoka Kigoma kwenda Kagunga, karibu na mpaka wa Burundi. Mmefika mbele ya misitu ya Gombe. Mashine inazimika. Ndani ya chombo mna turubai na miti miwili. Hilo ni tanga.

Lakini kumbukeni, tanga la turubai huenda na upepo tu. Haliwezi kushindana nao. Upepo wa kusi utawapeleka kaskazini. Hautawarudisha Kigoma. Kama unawasukuma kandokando ya nchi, nendeni nao mpaka kijiji cha mbele, kama Mwamgongo. Kulala ugenini si hasara.

Kama upepo unawatoa nchi kavu na kuwapeleka katikati, kuelekea Kongo, shusheni turubai mara moja. Shikeni makasia, mvute kuelekea ukingoni. Tanga linaloelekea kubaya ni adui yenu. Wengi wanaopotea ziwani hawakosi nguvu. Wanakosa kutazama upepo unakwenda wapi.

KABLA YA KUPANDA

Ndugu msomaji, huenda mwanzi umeota kando ya shamba lako. Unauona kuwa kitu cha kujengea ua tu. Kule chini ziwani, mwanzi kama huo unaweza kuwa mkono wa kuokoa watu.

Basi siku utakapopeleka maharage yako kwa njia ya maji, usione haya kumwuliza nahodha maswali matatu. Makasia yako wapi? Tanga na mti wake viko wapi? Jaketi langu liko wapi? Nahodha mzuri hatakasirika. Atakuonyesha kwa mkono. Akikosa la kukuonyesha, teremsha gunia lako, ungoje chombo kingine. Wazee walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa.