Kijitaa Chekundu cha Mita

Kwetu Umoja nyumba tatu tunatumia mita moja ya stima. Tokeni tunachanga sawasawa, na zikiisha mapema maneno huanza. Muhula uliopita yalimwangukia mama: eti anawasha koili usiku. Mama akaapa kuwa hawashi. Nami nikaapa moyoni kuwa majirani nitawanyamazisha kwa hesabu.

Mita yetu ina kijitaa chekundu. Kikimweka mara 1,000, uniti moja imekwisha. Imeandikwa pale pale. Mwalimu wa fizikia akaniazima Arduino, kihisi cha mwanga nikanunua Luthuli Avenue, nikakibandika mbele ya kijitaa kihesabu.

Asubuhi nikakuta 61,408. Lahaula! Uniti sitini na moja kwa usiku mmoja! Ploti nzima haimalizi hizo kwa wiki mbili. Ningewaonyesha watu hesabu hiyo, mama angehama.

Jumamosi nikakaa chini ya mita na daftari, nikihesabu kwa macho. Mchana kutwa mashine nami tulipatana. Saa moja jioni taa ya ushoroba ikawashwa, na nambari zikaanza kukimbia kama matatu za Jogoo Road. Ndipo nikakumbuka: stima yetu hugeuka na kurudi mara 50 kwa sekunde, kwa hivyo taa ya mrija hupepesa mara 100. Macho hayaoni, kihisi kinaona. Nikakifunika kwa utepe mweusi. Hesabu ikapungua, haikutulia. Kumbe waya wangu mrefu, uliopita ubavuni mwa nyaya za ukutani, ulikuwa ukidaka stima yake wenyewe! Nikaukata ukawa shibiri moja. Kisha nikaiagiza programu ikishahesabu mmweko ifumbe macho sehemu ya kumi ya sekunde, maana hata tukiwasha vyombo vyote mimweko halisi haifuatani hivyo. Macho yangu 100, mashine 100.

Usiku huo iliandika kila robo saa. Karibu zote hazikupita 40. Lakini saa kumi alfajiri: 290. Hizo ni zaidi ya wati 1,000, yaani koili. Na saa hiyo huamka mtu mmoja tu katika ploti yetu, anayewahi mboga Marikiti.

Nilimpa mama daftari. Akalitazama kitambo.

"Mimi nilisema usiku," akasema. "Saa kumi ni alfajiri. Na chai yako unadhani huchemka na nini?"

Siku hizi huchanga shilingi 200 zaidi. Majirani hawajauliza sababu, na Arduino ya mwalimu nimeirudisha.