Nilivyowazuia Wenzangu Kupiga Kura

Mwaka 2018, mjini Wichita, jimbo la Kansas, niliwaambia wahamiaji wenzangu walioniamini kwamba mchujo wa Agosti haukuwahusu. Nilikosea, tena kwa kiburi cha kutouliza.

Mama mmoja mzaliwa wa Bukavu, aliyekula kiapo cha uraia karibuni, ndiye aliyeniuliza: "Mwalimu, kura ya mwezi wa munane inatuangalia na siye?" Nikamjibu, "Hapana, mama. Hiyo ni ya wenye chama. Tungoje Novemba." Waliokuwepo wakalichukua jibu langu kuwa ndilo. Mimi niliujua mchujo wa kwetu Kenya, wanachama wakigombana wenyewe kwa wenyewe, nikadhani nimeujua na wa Kansas. Kumbe sheria ya kule inamruhusu mpiga kura asiye na chama kuchagua chama siku ileile, palepale kituoni. Wengi wetu hatukuwa na chama.

Na tulikuwa na sababu ya kujali. Kris Kobach, Katibu wa Jimbo wakati huo, aliyewania tiketi ya Republican ya ugavana, ndiye aliyeipigania sheria ya kudai hati ya kuthibitisha uraia, kama pasipoti au cheti cha kuzaliwa, kabla ya mtu kuandikishwa. Ilikwamisha watu zaidi ya 30,000 hadi mahakama ilipoibatilisha Juni mwaka huohuo. Mpinzani wake, Gavana Jeff Colyer, hakuwa chaguo la moyo wetu, lakini Kobach tulimwogopa, na hofu hiyo tuliisema kila tulipokutana.

Tarehe 7 Agosti ikapita. Kobach akaongoza kwa kura 191. Kisha ikagundulika kwamba kura 100 za Colyer katika Kaunti ya Thomas ziliandikwa pungufu, pengo likashuka hadi 91. Kura zote zilipohesabiwa, Kobach akashinda kwa pengo la 343, kati ya kura zaidi ya 300,000. Sidai tungeyageuza matokeo. Hatukuwa wengi kiasi hicho. Ila kura zile zilikuwa haki yao, nami niliwapokonya kwa neno moja.

Novemba Laura Kelly wa Democratic akamshinda Kobach, asilimia 48 kwa 43. Wenzangu wakasema yamekwisha salama. Kwangu hayakwisha. Nilimwendea yule mama nikamweleza kweli yote, naye akasema tu, "Mara ingine utuambie mapema."

Basi nasema mapema. Mchujo wa Kansas ni Jumanne ya kwanza ya Agosti. Uandikishaji hufungwa wiki tatu kabla. Kama umeapa uraia na huna chama, nenda kituoni, utaje chama unachokitaka, upige kura.