Nani Anakwenda Uwanja wa Ndege Kumpokea Beki?

Watu wa huku Philadelphia, Marekani, walinikosha roho. Timu yao ya mpira wa Kimarekani, Eagles, ilitwaa Super Bowl Februari 9, 2025 kwa kuichapa Kansas City Chiefs 40-22. Mwezi mmoja tu baadaye, dirisha la wachezaji huru likafunguliwa na ule ukuta ulioleta kombe ukaanza kubomoka wanauona. Josh Sweat kaenda Arizona. Milton Williams kaenda New England kwa mkataba wa miaka 4, dola milioni 104. Darius Slay kaachwa, katua Pittsburgh. C.J. Gardner-Johnson kapelekwa Houston. Walioingia? Azeez Ojulari, Josh Uche na Adoree' Jackson, kila mmoja mkataba wa mwaka mmoja, hela za kawaida kabisa kwa ligi ile.

Nilijua kazini kutawaka moto. Katika fainali ile Patrick Mahomes, mpiga pasi wa Chiefs, aliangushwa na mpira mkononi mara 6, na Sweat na Williams peke yao walihusika na mara 4 na nusu kati ya hizo. Hebu fikiria Yanga au Simba inachukua ubingwa Mei, Juni inawaachia mabeki wawili waliobeba fainali, halafu inatangaza watatu wa mkataba wa mwaka mmoja. Jangwani pangekalika? Msimbazi je?

Huku chumba cha mapumziko kiligeuka darasa. Mzee mmoja ninayepanga naye mizigo zamu ya usiku, mtu aliyekua na timu hii tangu utotoni, alivuta kipande cha boksi na kalamu nene, akachora kikosi cha ulinzi: wanne mbele, wawili nyuma yao, watano nyuma kabisa. Kisha akaanza kuuliza maswali huku anajijibu. Huyu Ojulari atapokezana na nani? Majeraha aliyotoka nayo Giants, timu yake ya zamani, yamekwisha? Jackson ana umri gani, na yule beki kijana Cooper DeJean atahamishiwa wapi ili huyu apate nafasi? Uche anaweza kukimbiza mtu kwa dakika chache kila mechi bila kuchoka? Majina ya walioondoka aliyaandika pembeni, mbele ya kila jina akaweka kazi aliyokuwa akiifanya. Fedha hakuigusa mpaka nilipomuuliza.

Ndipo aliponipa habari ya Zack Baun, na hapo ndipo niliponasa.

Msimu wa 2023 Eagles walianza kwa kushinda mechi 10 kati ya 11, halafu ulinzi ukaoza, wakapoteza 5 kati ya 6 za mwisho na kutolewa na Tampa Bay 32-9. Mwaka uliofuata akaja kocha wa ulinzi, Vic Fangio. Dirishani wakamleta Bryce Huff kwa miaka 3, dola milioni 51. Kwa sauti ndogo wakamchukua pia Baun kutoka New Orleans, mwaka mmoja, dola milioni 3.5. Kule alikuwa mtu wa akiba, wa kukimbiza mipira ya kupigwa kwa mguu. Fangio akamtoa pembeni akamweka katikati, safu ya pili. Msimu ulipokwisha Baun alikuwa kwenye kikosi bora cha ligi nzima, Eagles wakawa timu iliyoruhusu yadi chache kuliko zote, na kwenye Super Bowl akadaka pasi ya Mahomes. Huff? Siku hiyo hata jezi hakuvaa. Machi 2025 Baun akaongezewa miaka 3 kwa dola milioni 51, fedha ileile ya Huff.

Sasa njoo nyumbani. Julai 2024 Clatous Chama alipovuka kutoka Simba kwenda Yanga, group la ukoo wetu halikulala. Mjomba wangu wa Temeke alituma sauti usiku kucha, shangazi akajibu kwa vigelegele, hata wale wasiojua kuotea ni nini walikuwa na maoni. Dirisha hilohilo Yanga ilimleta Chadrack Boka, beki wa kushoto kutoka Kongo, kuziba pengo la Joyce Lomalisa. Nilipouliza habari zake, mjomba akanijibu, "Mwanangu, beki tutamwona akifungisha."

Kauli hiyo imenikaa kooni mpaka leo. Beki tunamwona akifungisha! Ndiyo maana Ibrahim Bacca alipotoka KMKM ya Zanzibar kuja Yanga Januari 2022 sikusikia tarumbeta yoyote, na leo huwezi kupanga ukuta wa Taifa Stars ukamruka. Ndiyo maana fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023 tunaisimulia kwa bao la Fiston Mayele, ilhali kombe lilikwenda kwa USM Alger kwa sababu ya mabao mawili tuliyoruhusu Dar es Salaam. Algiers tulishinda 1-0 na tukarudi mikono mitupu. Nani kwenye group aliuliza mabao yale yaliingilia upande gani?

Marehemu baba alicheza beki ya kushoto timu ya mtaa, na alikuwa akisema anayekaba vizuri hana picha gazetini. Alikuwa anaumia, nilikuwa mdogo sikumwelewa.

Mtaniambia huku mambo yamepangwa: mishahara ina ukomo, mwaka 2025 ulikuwa dola milioni 279.2 kwa kila timu, na timu iliyopoteza wachezaji huru wakubwa bila kusajili wengi wa bei inapewa na ligi nafasi za ziada za kuchagua vijana mwaka unaofuata. Kwa hiyo usajili mdogo una hesabu nyuma yake. Kweli. Lakini mzee wangu wa zamu ya usiku hana hata senti kwenye hesabu hiyo. Anachokijua ni kuuliza mtu atasimama wapi na nani atamfundisha, na hilo halihitaji mfadhili. Wanaonikera huku ni waandishi wanaotoa alama za usajili siku ya pili, A, B, C kama mtihani wa darasa la saba, kabla mtu hajagusa mazoezi. Hao nao wana mjomba wao.

Kwa ukuta ule mpya wa Eagles wa 2025, mimi nilisimama na yule mzee: utapungua makali mbele, nyuma utashika, kwa kuwa mabeki DeJean na Quinyon Mitchell walikuwa bado wapo na Fangio alikuwa bado yupo.

Na ninyi mlioko nyumbani, nawaomba jambo moja. Dirisha lijalo likifunguliwa, kabla hamjanitumia picha ya mshambuliaji na skafu shingoni, nitumieni jina la beki aliyesajiliwa, nafasi atakayocheza, na nani atacheza pembeni yake. Na mkiamua kumwita garasa, mpeni kwanza mechi kumi.