Maji ya Ukoo Mmoja: Mara na Jinja

Maji ya Mto Mara hayaishii Musoma. Huingia Ziwa Victoria, na ziwa hilo hutokea upande wa pili, Jinja nchini Uganda, likawa Mto Nile. Aliyewahi kupiga kasia Jinja, akija kusimama Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, anatazama maji ya ukoo mmoja. Ila tabia zimeachana kabisa, na vijana wa kayaki wanaoniuliza Mara itafunguliwa lini wanastahili jibu lililo wazi.

Jinja maji ni mengi mwaka mzima, tena ya uvuguvugu. Mto unaporomoka juu ya miamba kwa kishindo, kisha unatulia kwenye bwawa pana lenye kina. Ukipinduliwa na wimbi, bwawa linakupokea: unaigeuza kayaki, unatema maji, unavuta pumzi, unajipanga kwa poromoko linalofuata. Vijana wa vijiji vya kando ya mto wamejifunzia humo humo, na leo ndio wanaowaongoza wageni. Itanda, yapata kilomita 30 kaskazini ya mji, ni mahali pa mabingwa. Wengi wetu hapo hubeba chombo begani na kupita nchi kavu, na ni busara. Sagana ya Kenya, kwenye Mto Tana, ni ndogo na ya baridi, maana maji yake yanatoka Mlima Kenya na Aberdare. Anayeanza aanzie huko.

Sasa Mara. Mto unazaliwa msitu wa Mau, Kenya, kwa mito ya Nyangores na Amala, ukatembea kilomita 395 hadi ziwani. Ukivuka mpaka unapita chini ya ukuta wa Isuria, na hapo ndipo macho yanaposhiba. Juu, upande wa Tarime, ni nchi ya Wakurya: migomba, mahindi, mabati yanayometa, ng'ombe wakiteremshwa kunywa. Ukishuka Nyamwaga kuelekea Nyamongo joto linapanda, vilima vya vifusi vya mgodi wa dhahabu vinajitokeza, halafu barabara inakuleta kwenye daraja la Mara. Ng'ambo ni wilaya ya Serengeti, na njia inaendelea hadi Mugumu. Niliteremka kidogo kando ya maji. Mzee mmoja aliyekuwa akichunga, baada ya kuniitikia shikamoo, akaniambia, "Mura, usisogee zaidi. Huu mto una wenyewe."

Wenyewe ni viboko na mamba. Ndani ya hifadhi niliwaona vizuri zaidi, karibu na lile daraja la chini la Kogatende ambalo mvua zikizidi hufunikwa na maji. Kwa jicho la mpiga kasia pana mikondo ya kutamanisha: miamba imekaa vizuri, maji yanapasuka meupe. Tatizo liko chini ya mkondo. Bwawa lile lile linalomwokoa mtu Jinja, kwa Mara ndilo la kuogopwa, kwa sababu ndimo viboko wanamoshinda. Kiangazi kikikaza maji hupungua, nao husongamana kwenye madimbwi yaliyobaki. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2018 walikadiria viboko zaidi ya 4,000 katika sehemu ya Kenya ya mto huu, na kinyesi chao huweza kuyamaliza maji hewa hadi samaki wakafa. Mwaka mmoja kabla, utafiti mwingine ulionyesha kwamba nyumbu zaidi ya 6,000 kwa wastani huzama humo kila mwaka. Mizoga hiyo inalisha mamba, tumbusi na samaki. Mto wenye kazi kubwa namna hiyo hauna nafasi ya mchezo wetu.

Jinja nayo ina msiba wake. Maporomoko ya Bujagali yalizama mwaka 2011 nyuma ya bwawa la umeme la megawati 250, na Isimba, lililozinduliwa 2019, likameza mawimbi mengine. Uganda ilihitaji umeme, sibishi. Lakini niliumia nilipooneshwa maji yaliyolala mahali palipokuwa na ngurumo. Kwa Mara hofu yangu iko Mau: msitu ukikatwa, masika huleta tope na kiangazi huacha mchanga. Tangu 2012 Kenya na Tanzania huadhimisha Siku ya Mara kila tarehe 15 Septemba, na ningependa miti inayopandwa siku hiyo itunzwe hadi ikue.

Ningekuwa na sauti, kayaki isingeguswa Mara. Badala yake, halmashauri ya Tarime ingejenga mahali pa kutazamia juu ya Isuria, ili mtoto wa Kikurya auone mto wake bila kulipia hoteli ya hifadhini. Nawe unayetaka mawimbi, njia ipo: vuka Sirari, pita Kisumu, toka Busia, ushukie Jinja. Itanda bado inanguruma.