Tarakimu Nne

Motokaa ina miguu minne, na uhai wa wote waliomo husimama juu ya miguu hiyo. Kila tairi huigusa barabara kwa eneo lisilozidi sana kiganja cha mkono. Viganja vinne basi, wala hapana kingine kati ya jamaa nzima na ardhi inayokimbia chini yao. Jambo hili ni wazi hata kwa mtoto; lakini mimi nalikuwa mtu mzima, mwenye mke na watoto, kabla sijalifahamu. Nakuandikia, msomaji kijana, ili upate bure elimu niliyoinunua kwa hofu na aibu.

Mwezi wa Desemba mwaka 2021 tulinuia kusafiri kutoka Nairobi hadi Mombasa, kumpeleka mama yangu kwa dada yake. Matairi mawili ya nyuma yalikuwa yamekwisha kuwa vipara. Mke wangu alinihimiza ninunue mapya, nami niliahidi. Lakini fedha niliyoitenga kwa kazi hiyo niliipunguza kwa kazi nyingine: nalinunua vitambaa vizuri vya kufunikia viti, kwa kuwa nilitaka jamaa wa Mombasa waione motokaa yangu imependeza. Ndivyo mtu alivyo. Hupamba kinachoonekana, akasahau kinachombeba.

Kwa fedha iliyobaki nilikwenda kwa mwuza matairi yaliyokwisha kutumika. Alinionyesha mawili meusi, yanayong'aa, yenye meno marefu. Bei ya yote mawili haikufika bei ya moja jipya. Nikayapapasa kama mnunuzi wa ng'ombe apapasavyo nundu, nikaridhika. Ubavuni yalijaa maandishi, nami ni mtu wa kalamu. Lakini sikusoma hata neno moja.

Tuliondoka alfajiri. Tulipita Sultan Hamud, Emali na Makindu, na jua likazidi kupanda. Tulipokwisha kuiacha Kibwezi na kuikaribia Mtito Andei, nalisikia mlio kama wa bunduki. Mara mkia wa motokaa ukayumba, ukataka kutangulia kichwa. Mbele yetu lori lilikuwa linakuja. Mama yangu alitaja jina la Mungu mara moja. Watoto hawakusema neno. Namshukuru mtu aliyenifundisha udereva, maana wakati ule maneno yake yalinijia: tairi likipasuka, usikanyage breki kwa nguvu. Nilishika usukani kwa mikono miwili, nikauweka wima, nikaachilia mafuta kidogo kidogo. Lori lilitupita kwa kishindo. Motokaa ilipunguza mwendo, ikaenda kusimama katika mchanga kando ya barabara.

Mama alitandika leso chini ya mbuyu, akaketi na wajukuu wake. Dereva mmoja mzee wa lori, aliyetuona, alisimama akaja na jeki yake. Tulipolitoa gurudumu, alilizungusha polepole akitafuta kitu ubavuni.

"Bwana, tairi hili ulilinunua lini?" aliuliza.

"Juma lililopita," nilijibu.

"Basi umenunua mzee," alisema, akamwita binti yangu, aliyekuwa kidato cha pili, amwonyeshe. Mwishoni mwa safu ya herufi palikuwa na tarakimu nne: 2312. "Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Nisomee."

Binti yangu akasoma: "Juma la ishirini na tatu, mwaka 2012." Akahesabu, kisha akanitazama. "Baba, tairi hili lina miaka tisa. Hukuyaona maandishi haya?"

Msomaji, nimepata kuulizwa maswali mengi maishani; swali hilo ndilo lililonichoma kupita yote. Nalikuwa na shahada ukutani, lakini mzee yule alisoma kitabu nilichokikalia bila kukifungua.

Alitueleza kuwa mpira huzeeka hata usipotembea. Hewa, jua na joto huukausha. Unyumbufu wake hupungua, nao huanza kupasuka ndani mahali macho yasipofika. Meno yaweza kuwa marefu na mwili umekwisha kufa. Watengenezaji wengi hushauri tairi lipitalo miaka mitano lichunguzwe na fundi kila mwaka, na lifikapo kumi liondolewe hata likionekana zima. Zaidi ya hayo, nalikuwa nimejaza watu na mizigo bila kuongeza upepo. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja sana kila lizungukapo. Kujikunja huzaa joto, na joto humaliza mpira mzee.

Tulifunga gurudumu la akiba, tukajikokota hadi Mtito Andei, mji ambao wasafiri ni wengi na matairi hupatikana. Hapo nikakabiliwa na tatizo jingine: fedha niliyokuwa nayo haikutosha. Mama yangu alifungua pindo la leso, akatoa fedha alizokuwa amemwekea dada yake. Alinipa bila kunilaumu, ila alisema, "Viti vyako ni vizuri, mwanangu, lakini havikutushika."

Safari hii nilimchukua binti yangu anisaidie kusoma. Mwuzaji alitutolea tairi la kwanza, jipya kabisa, la bei nafuu. Binti yangu aliinama, akasoma: 0915. Lilikuwa halijatembea, lakini lilikuwa limelala dukani zaidi ya miaka sita. Tukalikataa. La pili lilikuwa pana na lenye sura ya fahari, lakini kipimo chake hakikuwa chetu. Tairi lisilo la kipimo huweza kusugua mwili wa gari na kuidanganya saa ya mwendo. La tatu lilikuwa na maandishi yale yale yaliyo katika kibati cha mlango wa motokaa: 195/65 R 15 91 H, nalo lilitengenezwa mwaka ule ule.

Nitakufasiria maandishi hayo. 195 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 ni urefu wa ubavu, yaani sehemu 65 katika kila 100 za upana huo. R huonyesha kuwa nyuzi za ndani zimepangwa kutoka ukingo mmoja kuvuka hadi wa pili. 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. 91 ni alama ya mzigo, nayo maana yake tairi moja laweza kubeba kilo 615. H ni mwendo, mwisho kilometa 210 kwa saa. Ndani ya mifereji mna vituta vidogo vyenye kimo cha milimita 1.6, meno yakiisha hata yakalingana navyo, tairi limekwisha kufa.

Tulinunua mawili. Kijana wa kazi alitaka kuyafunga mbele, kwa kuwa ndiko injini inakovuta. Fundi mkubwa alimkataza. Alisema kuwa katika barabara yenye maji, miguu ya mbele ikiteleza dereva huhisi katika usukani, akapunguza mwendo, akapona; bali ya nyuma ikiteleza, mkia huzunguka, na madereva wachache huweza kuurudisha. Kwa hiyo mapya hufungwa nyuma, ikiwa ya mbele yangali mazima. Yetu ya mbele yalichunguzwa, yakaonekana mazima.

Alibadili vali, akayapima magurudumu kwa mashine na kuyatia vipande vidogo vya chuma ili yasitetemeke. Nati hakuzikaza kwa kufuata duara, bali kwa kuvuka: hii, kisha inayoielekea, ili rimu ikae sawa. Akajaza upepo kwa kipimo cha mzigo kamili kilichoandikwa katika kibati. Mwisho alituagiza tuzikaze nati tena baada ya kilometa hamsini au zaidi kidogo. Tulipofika Voi nilisimama nikafanya hivyo, huku binti yangu akizihesabu.

Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama aliyeishi Belfast, alipata hati ya serikali kwa tairi la upepo alilolitengeneza. Alikuwa amelifanya kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe mdogo, ili isimtikise. Kila nikumbukapo habari hiyo huona haya upya. Baba mmoja alihangaika mtoto wake asitikisike. Baba mwingine aliwapakia wanawe juu ya mpira mkongwe ili viti vipendeze.

Vitambaa vile sasa vimechanika, wala sijanunua vingine. Kila mwanzo wa mwezi, asubuhi kabla gari halijapata moto, mimi na binti yangu hupima upepo wa magurudumu yote, pamoja na lile la akiba.

Labda wewe, msomaji, huna motokaa. Lakini hupanda matatu na basi kwenda shule na kurudi nyumbani. Kabla ya kupanda, inama kidogo utazame. Kama waona kipara, au nyufa ubavuni, ngoja gari jingine, wala usione haya kusema. Elimu uipatayo darasani ni ya kusomea vitabu, naam. Lakini ni ya kusomea dunia pia, na dunia huandika mengine mahali pa chini, penye vumbi, kwa tarakimu ndogo.