Kindi wa Misigiri na Ngozi Yake

Misigiri ni mji mdogo katika wilaya ya Iramba, mkoa wa Singida. Hapo ndipo njia kuu itokayo Singida kwenda Nzega igawanyikapo, na tawi lake moja huelekea Kiomboi, makao makuu ya wilaya. Malori hupumzika hapo, na kando ya njia utawaona mafundi wa magari, wauza vitunguu, na wauza mafuta ya alizeti, wenye chupa na madumu. Nyuma ya nyumba yako mashamba ya mtama, uwele na alizeti, na nyuma ya mashamba viko vichaka vya migunga na mikwaju. Humo ndimo akaamo kindi.

Kindi ajulikana na kila mtoto wa shamba. Wakulima hawampendi sana, maana hufukua mbegu zilizopandwa, naye hana haya, huzila mbele ya macho ya mwenye shamba. Walakini ni wachache waliopata kumwona mtoto wake, kwa kuwa mama humficha ndani ya tundu la mti. Mtoto wa kindi huzaliwa uchi kabisa, hana hata unywele mmoja. Macho yamefumba na masikio yamezibwa. Hawezi kujitia joto mwenyewe. Joto lake latoka kwa mama. Hawezi hata kukojoa peke yake, mpaka mama amlambe tumboni. Basi mtoto huyo akipotewa na mama, amepotewa na nguo, na moto, na maji, na usafi, vyote kwa mara moja. Na mahali pa kwanza ambapo hasara hiyo huonekana ni ngozi.

Mwezi mmoja wa Oktoba, kiangazi kilipokuwa kikali, wachoma mkaa walikata mti mmoja mkavu karibu na Misigiri. Ndani ya tundu mlikuwa na watoto wawili wa kindi. Mama yao, alipotoka mbio, alikamatwa na mbwa. Kama angalikuwa hai, ingalifaa kuwaacha watoto palepale na watu kwenda mbali, maana mama kindi hurudi akawachukua watoto wake mmoja mmoja kwa kinywa, akawapeleka tundu jingine. Lakini huyu alikwisha kufa. Kijana mmoja wa darasa la sita, aliyekuwa akipita na mbuzi wa bibi yake, akawatia katika kofia yake akaenda nao nyumbani.

Bibi yake akawatazama, akasema, "Mjukuu wangu, hawa ni wageni wa siku mbili. Usiwape majina."

Kijana akawapa maziwa ya ng'ombe, akawalaza katika kikapu juu ya nguo kuukuu. Siku ya kwanza walilia kwa sauti nyembamba. Siku ya pili waliharisha. Siku ya tatu ngozi yao ilianza kukauka na kupasuka, ikabanduka vipande vipande kama magamba ya samaki. Hapo habari ikaenea njiani, na kila mtu akatoa dawa yake. Mmoja alisema waoshwe kwa dawa ya josho la ng'ombe. Mwingine alisema majivu. Fundi mmoja wa magari alimwonyesha kijana mbwa wake, akasema, "Huyu alikuwa hana hata unywele kwa upele. Nilimpaka oili chafu, mtazame sasa." Watu hawa hawakuwa na nia mbaya hata kidogo. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyeuliza ni ugonjwa gani.

Kijana akamchagua yule aliyezidi kuumwa, akampaka oili mwili mzima. Yule mwingine hakumpaka, kwa sababu oili ilikuwa kidogo, wala si kwa sababu nyingine. Alfajiri aliyepakwa alikuwa amekwisha kufa.

Oili iliyotoka katika mtambo wa gari ina mabaki ya mafuta yaliyoungua na chembe za madini. Mbwa mkubwa mwenye ngozi nene aweza kuivumilia, ingawa hata yeye yamdhuru. Lakini ngozi ya kindi mchanga ni nyembamba mno, waweza kuona mishipa ya damu ndani yake. Yaliyopakwa juu hupenya ndani, na yasiyopenya hulambwa. Tena kiumbe kisicho na manyoya, kikilowana usiku, hupoa upesi.

Asubuhi ile kijana hakwenda machungani. Alimtia aliyebaki kifuani, chini ya shati, akaenda kwa Bwana Mifugo.

"Shikamoo, Bwana Mifugo."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta kuku?"

Kijana akamtoa kindi. Bwana Mifugo hakucheka. Alinawa mikono, akamweka juu ya kitambaa chenye joto, akamgeuza polepole, akamchungulia masikio, kwapa, tumbo na chini ya mkia. Kisha akaibana ngozi ya mgongo kwa vidole viwili, akaiachia. Ngozi ikabaki imesimama kama hema. Haikurudi mahali pake. Akamwambia kijana, "Ngozi hii haina ugonjwa. Ina kiu."

Kwa kweli kubanduka ngozi kidogo si ajabu kwa kindi anayeanza kuota manyoya. Huyu yalimzidi kwa sababu ya kuharisha na kwa ukavu wa hewa ya kiangazi. Maziwa ya ng'ombe hayafanani na ya kindi: ya kindi yana mafuta mengi zaidi, nayo ya ng'ombe humwumiza tumbo, maji yakamtoka mwilini. Basi Bwana Mifugo akamfundisha kijana kutengeneza maji ya kutuliza kuhara, yaleyale wapewayo watoto wa watu: maji safi lita 1, vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko visiwe na kilele. Wala asimnyweshe kwanza. Amtie joto kwanza, kwa chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa nguo, kwa sababu tumbo lililopoa haliwezi kusaga kitu. Kisha ampe tone moja moja kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kichwa kikiwa juu, yasije yakaingia mapafuni. Baada ya siku moja ya maji hayo, aanze maziwa ya mbuzi yaliyotiwa malai kidogo. Na kila baada ya kunyonya, ampanguse tumbo kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu mpaka akojoe, halafu amkaushe, maana mkojo ukikaa juu ya ngozi huichubua, na maziwa yakigandia kidevuni huozesha nywele.

"Na dawa ya kupaka?" akauliza kijana.

"Alizeti," akajibu Bwana Mifugo. "Tone moja, ulisugue viganjani mwako, kisha umpapase. Akilamba, amekula chakula."

Wako watakaodhani hiyo ni dawa ya masikini tu. Lakini huko Bangladesh madaktari waliwapaka mafuta ya alizeti watoto wa watu waliozaliwa kabla ya siku zao kutimia, wakaona ya kuwa maradhi ya kuambukizwa yalipungua kwao. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2005. Ngozi ya mtoto asiyetimia siku ni kama ukuta wenye nyufa, na mafuta huziba nyufa.

Siku ya tano magamba yalikuwa yamepungua, na ngozi ilipobanwa ilirudi upesi. Bibi, aliyekataza majina, alionekana akimwita kindi "mgeni."

Kisha likatokea jambo la pili. Ubavuni likainuka jipu dogo, gumu, lenye kitundu cheusi katikati. Kijana akataka kulikamua, lakini akakumbuka oili, akaenda kuuliza. Bwana Mifugo akalitazama kwa kitambo, na ndani ya kitundu kitu kikatikisika. Alikuwa buu wa nzi. Yuko nzi mmoja wa Afrika atagaye mayai katika mchanga wenye harufu ya mkojo, au katika nguo zilizoanikwa chini zikiwa na unyevu. Buu wake atokapo yaini huingia katika ngozi ya panya, ya mbwa, hata ya mtu, akakaa humo yapata siku 8 hadi 12 akinenepa. Si tekenya; tekenya ni kiroboto, naye hupenda miguu. Buu huyu hupumua kwa kile kitundu. Kwa hiyo Bwana Mifugo alikiziba kwa mafuta mazito ya kupaka, akangoja. Buu alipokosa hewa akatoa ncha yake nje, akakamatwa kwa kikoleo, akatoka mzima. Laiti angalikamuliwa kwa nguvu, angalipasukia ndani na kuleta usaha.

Kosa lilikuwa katika nguo za kikapu. Kijana alizifua kila siku, vema kabisa, kisha akazianika juu ya majani. Tangu siku hiyo alizianika juu ya kamba, na Bibi akazipiga pasi ya mkaa, maana moto wa pasi huua mayai yale.

Jambo la tatu lilikuwa zito kuliko yote. Macho ya kindi yalikwisha kufumbuka, na manyoya yake yalikuwa yameota, ya rangi ya majani makavu. Ndipo yakaonekana mabaka mawili ya mviringo, moja penye sikio na moja penye bega, nywele zimekatika, ukingo una ukoga mweupe. Juma lilelile mdogo wake kijana, msichana wa darasa la pili aliyependa kumlaza kindi kichwani pake, akaonekana na baka kama hilo katikati ya nywele.

Sasa maneno yakawa makali. Jirani mmoja akaja akasema kindi atupwe motoni kabla hajaumaliza mji. Mwingine akaleta chupa ya ivermectini aliyowadungia ng'ombe wake. "Tone moja tu," akasema. Bibi akanyamaza, lakini usiku ule kikapu hakikulala ndani.

Bwana Mifugo alipofika alimchukua kindi kwa mnunuzi wa dhahabu aliyekuwa na mizani ya kupimia gramu. Kindi akawa na gramu 40. Kisha akachora hesabu mchangani. Dawa ile ya chupa hupimiwa ng'ombe mililita 1 kwa kila kilo 50 za uzito. Kindi wa gramu 40 angestahili sehemu moja katika sehemu 1,250 za mililita. Tone moja ni yapata sehemu moja katika 20. Basi tone moja tu lingekuwa zaidi ya mara 60 ya kipimo chake. Mwenye ng'ombe akaitazama ile hesabu, akaifunga chupa yake. Ivermectini si dawa mbaya. Satoshi Ōmura wa Japani na William Campbell, walioigundua asili yake, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015, na watu wengi wameokolewa macho yao kwayo. Lakini yaua wadudu, na hapa hapakuwa na mdudu. Bwana Mifugo alikwangua ukoga wa ukingoni, akautazama kwa hadubini: hakuona mdudu wa upele, aliona kuvu. Tena mwenye upele hujikuna usiku na mchana. Kindi huyu hakujikuna. Ulikuwa ni ugonjwa wa choa, ambao ukishika kichwa cha mtoto huitwa mapunye.

Nani alimwambukiza mwenziwe? Hakuna awezaye kuapa. Choa hutoka kwa mnyama kwenda kwa mtu, lakini mapunye huenea shuleni pia, kwa kofia, vitana na mashine za vinyozi. Huenda hata msichana ndiye aliyempa kindi. Jirani hakupendezwa na maneno hayo.

Kindi alipakwa malhamu ya klotrimazoli, kidogo sana, asubuhi na jioni, naye kijana alimshika mkononi mpaka ikauke ili asiilambe. Alimshika kwa mfuko wa nailoni, akanawa kwa sabuni kila mara. Nguo za kikapu zilichemshwa. Msichana naye alipelekwa zahanati, na mganga akaeleza ya kuwa kichwani malhamu peke yake haitoshi, kwa kuwa kuvu imeingia katika shina la unywele; yapasa dawa ya kumeza, griseofulvini, kila siku kwa majuma mengi. Msichana alikasirika, si kwa ajili ya vidonge, bali kwa kukatazwa kumgusa kindi.

Wakati huo Bwana Mifugo alikwisha kumwandikia afisa wa wanyamapori wa wilaya, kwa maana Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kumfuga mnyama wa porini pasipo kibali. Jibu lilikuja: mnyama akipona na akiweza kula mwenyewe, arudishwe porini palepale alipotoka.

Mvua za kwanza zilipokwisha kunyesha, kindi alikuwa akila mbegu za alizeti na ukwaju, akipanda nguzo za nyumba mchana kutwa asitake kushikwa. Mabaka yalikuwa yameota nywele fupi, nyeusi kidogo kuliko nyingine. Kijana akamchukua mpaka kwenye mkwaju ulio karibu na kisiki cha ule mti uliokatwa, akakiweka kikapu juu ya panda, akakifungua kifuniko. Msichana alisimama mbali, kitambaa kichwani; vidonge vyake vilikuwa vimebaki vya majuma matatu. Kindi alikaa ukingoni mwa kikapu akajilamba bega, kisha akapanda juu, na majani yakamfunika.